Darasa limetulia kama maji mtungini, na hilo ndilo tatizo langu

ChakiMkononi: Wakuu, habari zenu. Nafundisha hisabati, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nina wanafunzi 48, wengi wa miaka 12 na 13. Hawana kelele, daftari safi, mwalimu mkuu akichungulia dirishani anaondoka ameridhika. Lakini nikiuliza swali, vidole ni vilevile vinne. Waliobaki wanakodolea madawati. Wiki iliyopita nilimwinua binti mmoja ajumlishe 1/2 na 1/3. Akasema 2/5, darasa likaangua kicheko. Tangu hapo hafungui mdomo. Nimebandika mabango ya maneno mazuri ukutani, nimewaambia kukosea ni kujifunza, wapi! Naombeni ushauri.

Kifutio: Toa zawadi kwa wanaojibu. Peni, daftari, chochote.

DawatiLaNyuma: Zawadi zitabebwa na walewale wanne, mkuu.

MwalimuMstaafu: Mwanangu, nikuulize kitu kabla ya ushauri. Walipocheka, wewe ulisema nini?

ChakiMkononi: Nilisema "Hapana. Mwingine?" Wa mbele akasema 5/6, nikamsifu, tukaendelea.

MwalimuMstaafu: Basi hapo ndipo penye mambo. Watoto hawasomi bango, wanakusoma wewe. Waliona aliyekosea anarukwa kama shimo la njiani, na waliocheka hawakuambiwa kitu. Mabango yabanduliwe tu (samahani, najua yalikula muda).

Halafu lile kosa lenyewe lilikuwa somo zima. Binti alijumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Ana mantiki yake, na naapa nusu ya darasa wangefanya hivyohivyo. Ungeiandika 2/5 ubaoni ukauliza: hii ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Sasa nusu umeiongezea kitu, imepunguaje? Hapo wangekuna vichwa wote, hata waliocheka.

Jingine ni haraka yetu. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alilipima hili miaka ya 1970: walimu wengi wakishauliza swali walisubiri kama sekunde 1 tu, kisha wanamtaja mtu au wanajijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Alihesabu pia ukimya wa baada ya jibu. Ule nao tunauua kwa "Mwingine?"

SilabasiHaisubiri: Shikamoo mwalimu. Hayo ni matamu kuyasoma, ila kwa watoto 48 tukijadili kila kosa tutamaliza mada lini?

MwalimuMstaafu: Marahaba. Si kila kosa. Chagua moja kwa kipindi, lile ambalo wengi wanalo. Na kabla ya kumwinua yeyote, kila mtu aandike jibu lake, amwonyeshe jirani, wabishane kidogo. Dakika mbili. Mtoto anayesema "sisi tumepata" hatetemeki kama anayesema "mimi nimepata".

DawatiLaNyuma: Mimi si mwalimu, ila nilikuwa huyo binti. Nilijifunza kuangusha kalamu kila mwalimu alipoanza kutafuta wa kumwinua. Nikiinuka kutoka chini ya dawati, mwingine ameshakamatwa. Miaka mitatu nimeokota kalamu.

ChakiMkononi: Nimerudi na mrejesho baada ya siku nane. Niliandika 2/5 ubaoni bila kusema ilitoka kwa nani, nikauliza kama ni kubwa kuliko nusu. Kimya. Nikahesabu moyoni, na jamani, sekunde 3 ni ndefu! Mikono ilinitoka jasho. Kijana mmoja wa nyuma, sijawahi kumsikia, akasema kwa mshangao: "Mwalimu, imepungua!" Wengine wakaanza kupingana naye. Mmoja akacheka. Nikamwambia aje atuonyeshe yeye angefanyaje, akakwama palepale, nikamsaidia akamaliza.

Yule binti bado hanyooshi kidole. Ila kengele ilipolia alibaki, akaniuliza hiyo 6 ya chini inatoka wapi. Tukachora mistatili pale mezani mpaka akaelewa. Kesho nimwite ubaoni awaelezee wenzake?

MwalimuMstaafu: Usimwite. Waambie wote wachore mistatili hiyo kwenye daftari, wewe upite katikati ya madawati. Ukifika kwake, tia alama ya vyema, endelea na safari.