Morris Minor ya babu: pampu ya mafuta imeziba, Jumamosi ni harusi

Mjukuu wa Moshi: Shikamooni wakubwa, wengine habari za mihangaiko. Nina Morris Minor ya marehemu babu, ya 1961, imelala chini ya mwembe miaka tisa. Jumamosi dada yangu anaolewa na tumeshamwahidi ataingia nayo kanisani. Pampu imeziba: inalia, ila kabureta kavu. Usingizi sipati. Naizibuaje?

Spana 13: Pampu ya Morris ni ya umeme, ipo ndani ya boneti, ukutani. Chini yake kuna nati kubwa ya shaba. Ifungue, utakuta chujio la waya. Petroli ya miaka tisa imeshakuwa gundi humo. Lisugue kwa brashi laini na petroli safi, halafu pitisha msasa laini kwenye platini, vile vidude vya kukata na kuunga umeme ndani ya pampu. Kwanza niambie: inalia tik-tik au inaunguruma?

Mama Junior: Marehemu baba alikuwa nayo! Ikigoma anaigonga pampu kwa kisigino cha kiatu changu cha shule. Inaamka. Mimi nachelewa namba.

Mzee wa Kanisa: Ndoa si gari, kijana. Bibi harusi wa Kana alifika na Morris?

Mjukuu wa Moshi: Inalia tu, mkuu. Naizibuaje?

Spana 13: Inaliaje?

Mjukuu wa Moshi: Vuuuu.

Spana 13: Ya Morris haiungurumi, inagonga. Umefunga nini hapo?

Mjukuu wa Moshi: Ya Vitz. Ile ya zamani fundi alisema imekufa, akaondoka nayo. Vitz spea zake zipo kila kona, sioni kosa. Na 80,000 nimeshalipa.

Popo: Chai hii. Pampu ya Vitz inakaa ndani ya tangi. Kwenye tangi la Morris uliipenyeza wapi? Mwezi jana huyuhuyu alikuwa na harusi ya kaka yake. Weka picha.

Mjukuu wa Moshi: Kaka na dada wote wanaoa na kuolewa, kuna ubaya? Haipo kwenye tangi. Ipo kwenye kidumu, ndani ya buti.

Mama Junior: Kidumu cha petroli mgongoni kwa bibi harusi??

Spana 13: Hapo hapajaziba kitu. Morris nyingi za miaka hiyo, chanya ya betri ndiyo inaenda kwenye bodi. Fundi kafunga kama Vitz, mota inazunguka kinyumenyume. Na usigeuze waya! Hiyo inasukuma presha ya pauni 40 na kitu, kabureta yako imezoea zisizofika 3. Itafurika, na chini yake ni eksozi ya moto. Toa kidumu, kamtafute fundi arudishe pampu ya babu.

Mjukuu wa Moshi: Hapokei simu. Nikigeuza mara moja tu, kujaribu?

Popo: Mimi ndiye niliyesema ni chai. Sasa naomba Mungu iwe chai kweli.