Daktari ameniandikia mazoezi bila maelezo: je, niende kwa mtaalamu wa fiziotherapia?

Mama wa Chikongola, Mtwara:
Ndugu wanajukwaa, habari za asubuhi. Nina umri wa miaka 53 na ni karani katika ghala la korosho hapa mjini, ambapo msimu ukifunguliwa hukaa kitini tangu asubuhi mpaka lori la mwisho lipimwe. Hivi karibuni nimekutwa na presha pamoja na sukari iliyopanda, nikapewa dawa ya presha na metfomini ya kushusha sukari, na chini ya cheti daktari akaandika maneno matatu tu: "mazoezi kila siku". Hakueleza ni mazoezi gani wala ya muda gani, na goti langu la kulia huuma ninaposhuka ngazi. Jirani ananishauri niende kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, lakini ninaowaona wakihudumiwa huko ni waliopata kiharusi au kuvunjika mifupa. Je, mtu kama mimi anastahili kwenda? Na nikitembea, goti halitazidi kuharibika? Naomba mnisaidie, kwa kuwa nimekusudia kweli.

Bibi wa Mnazi Mmoja, Lindi:
Pole, mdogo wangu. Nenda bila kusita. Mume wangu naye aliandikiwa hivyohivyo, na karatasi ikakaa kabatini mpaka alipokutana na kijana wa fiziotherapia aliyempangia dozi kama ya vidonge: dakika ngapi, mara ngapi kwa juma, na siku gani arudi aonekane. Kule kujua kwamba kuna mtu atakayemuuliza ndiko kulikomwamsha.

Mkulima wa Tandahimba:
Kwa heshima, mimi naona mazoezi ni ya watu wa ofisini. Anayepalilia mikorosho tangu alfajiri anahitaji nini zaidi?

Fiziotherapia, Masasi:
Shikamoo, mama. Ndugu yetu wa Tandahimba ana hoja, kwani palizi ni kazi ya mwili na huhesabiwa. Lakini wewe huna jembe mkononi, una kalamu.

Unastahili kabisa kuja kwetu. Ulizia kitengo cha fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, na uende na cheti chako pamoja na dawa zote unazotumia. Msuli unapofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini ya mwili inapokuwa dhaifu, ndiyo maana mazoezi ni sehemu ya tiba yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Usianze na kiasi hicho. Anza na dakika kumi, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini usioweza kuimba nao, kisha uongeze kidogokidogo.

Kuhusu goti, hofu yako ni ya wengi, na inawaumiza wengi. Goti lililochakaa hudhoofika zaidi mwenyewe anapoacha kulitumia, kwa sababu msuli wa mbele ya paja ndio unaolibeba. Egemeza kiti ukutani, kaa, vuka mikono kifuani, kisha inuka polepole na ukae tena polepole bila kujiangusha. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili uinuke kutoka juu kidogo. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiwa bado yamezidi kesho yake, punguza kiasi, usiache. Goti likivimba, njoo tulitazame.

Vaa raba na soksi, si kandambili, na ukague nyayo zako kila jioni, maana mwenye sukari anaweza kupata kidonda asikisikie. Kifua kikibana, ukipata kizunguzungu au pumzi ikikuishia isivyo kawaida, simama na uende hospitali.

Alilolisema bibi wa Lindi ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Nchini New Zealand, ambako madaktari walianza kuandika mazoezi kama dawa mwaka 1998, mgonjwa hupewa pia mtu wa kumpigia simu na kumtia moyo. Mwombe mtaalamu wako akupangie tarehe ya kurudi, na usiondoke bila hiyo tarehe.

Mama wa Chikongola, Mtwara:
Marahaba, mwanangu, na asanteni nyote. Nitakwenda Jumatatu. Nina maswali mawili yaliyobaki: je, sukari haiwezi kushuka ghafla nikiwa njiani? Na msimu ukianza nitafanyaje, ilhali siwezi kutoka ghalani?

Fiziotherapia, Masasi:
Kwa metfomini peke yake ni nadra sukari kushuka kupita kiasi. Wakikubadilishia na kukupa insulini au glibenklamidi, dawa nyingine ya sukari, mweleze daktari kwamba unafanya mazoezi, na utembee na sukari au juisi mkobani. Msimu ukianza, inuka kila lori linapoingia kwenye mizani, uandike ukiwa umesimama ikiwezekana, na matembezi uyagawe: dakika kumi kabla ya kazi, kumi baada ya chakula cha mchana, kumi jioni jua likipungua.