Nimeweka Android huria kwenye simu yangu, benki inaniambia simu "si salama". Huu ni wizi!

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na nyingine, nina hasira kweli.

Simu yangu ina miaka mitano. Kiwanda kiliacha kuipa masasisho siku nyingi, kwa hiyo nikafuta mfumo wake nikaweka LineageOS, iliyojengwa juu ya ule msimbo wa Android ulio wazi kwa kila mtu. Ikawa nyepesi kama mpya, masasisho ya ulinzi yanaingia.

Juzi niko Soko la Majengo hapa Dodoma, nimeshapimiwa mchele kilo kumi. Nafungua programu ya benki nilipe kwa lipa namba: "Kifaa chako si salama." Watu wamejipanga nyuma, muuzaji ananiangalia kama tapeli. Nikauacha mchele.

Tawini nikajibiwa, "Kaka, nunua simu nyingine." Yaani ya mdogo wangu iliyosasishwa mara ya mwisho 2021 inapita, yangu inakataliwa! Kumbe programu haitafuti kama simu ina tundu la kiusalama. Inaiuliza Google kama mfumo huu unatambulika kwao. Hautambuliki, basi wewe mwizi.

Sasa hiyo "huria" ni ya nani? Android ilipotangazwa 2007, mfalme wa simu alikuwa Nokia na mfumo wa Symbian. Google akaja na mfumo wa bure, kiwanda chochote kichukue, na viwanda vikamiminika. Nokia alipoufungua msimbo wa Symbian mwaka 2010 wenzake walishafika mbali. 2011 akakimbilia mfumo wa simu wa Microsoft. Uwazi ulimfaa Google kuangusha wapinzani. Lakini vyenye utamu (Play Store, ramani, huduma za arifa) akavifungia ndani ya kabati lake, na funguo ni mkataba kati ya kiwanda na yeye.

Muulizeni Acer, kiwanda cha Taiwan. Mwaka 2012 alitaka kuzindua China simu yenye mfumo wa Aliyun wa kampuni ya Kichina Alibaba, Google akamkunjia uso, uzinduzi ukafutwa dakika za mwisho. Umoja wa Ulaya waliliona: mwaka 2018 wakamtoza Google faini ya euro bilioni 4.34, mojawapo ya makosa likiwa kwamba kiwanda kinachotaka programu zake kisiuze hata simu moja yenye Android ya pembeni isiyo na baraka zake. Mwaka 2022 mahakama ikapunguza kiduchu tu, ikabaki 4.125. Lakini hizo faini ni za Brussels, kwenye makao ya Umoja huo, hapa Nkuhungu hazifiki.

Na msije na "si utumie menyu ya nyota mkuu", ile ya kupiga nyota na namba bila programu. Najua menyu ya nyota. Swali langu ni kwa nini benki ya Kitanzania imwachie Google aamue simu yangu, niliyoinunua kwa jasho langu, ifae au isifae.

Kuna yeyote Dodoma ambaye programu ya benki yake inafunguka kwenye LineageOS? Niambieni ni ipi, nahamisha akaunti Jumatatu.

Mchele nimeufuata jana na fedha taslimu. Umepanda mia mbili kwa kilo.