Katuni darasani Bukavu: mpya kila siku au ileile?

Mwalimu wa Kadutu: Watoto wangu wana miaka 3–4. Kila siku naweka video mpya, Ijumaa hawakumbuki kitu. Kwa nini?

Jibu: Upya wenyewe ndio shida, dada. Sesame Street, kipindi cha TV cha watoto cha Marekani (1969), ilianza na vipande vifupifupi kama matangazo ya biashara. Blue's Clues, kipindi kingine cha watoto cha huko (1996), ikaja na hadithi moja, kipindi kilekile Jumatatu hadi Ijumaa, na mtangazaji ananyamaza baada ya swali. Mara ya kwanza watoto hutazama tu. Majibu huja wakishaizoea hadithi.

Jibu: Simamisha video kwenye swali, hesabu kimoyomoyo hadi 5. Ukijibu wewe, umeharibu. OMS, Shirika la Afya Duniani (2019), inasema kutazama skrini kusizidi saa 1 kwa siku, nyumbani ikiwemo.

Mwalimu wa Kadutu: Umeme ukikatika?

Jibu: Afadhali! Rudieni maswali yaleyale kwa vifuniko vya chupa.