Kumpeleka Mzee Limone sul Garda, alikozaliwa Mtakatifu Daniele Comboni

Mwana wa Katekista, Gulu (swali)

Habari zenu, ndugu zangu. Baba yangu amefundisha katekisimu katika parokia yetu tangu ujana wake, na wamisionari wa Comboni ndio waliomlea katika kazi hiyo. Sisi watoto wake tumechanga fedha ili, Mungu akipenda, afike Limone sul Garda, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia alikozaliwa Mtakatifu Daniele Comboni, mwanzilishi wa shirika lao, mwaka 1831. Mimi ndiye nitakayemsindikiza. Mzee bado ana nguvu, ila magoti yanamsumbua, na picha nilizoziona zinaonyesha nyumba zilizobanana kwenye ubavu wa mlima, zikiunganishwa na ngazi nyingi. Wakala wa safari anatushauri tulale Milano, twende Limone asubuhi na kurudi jioni ileile. Naomba waliowahi kufika huko wanieleze kama mpango huo unafaa, na kama mtu wa umri wake ataweza kuifikia nyumba alimozaliwa mtakatifu.

Aliyesoma Verona, Kampala

Ndugu, mmefanya jambo la heshima kubwa kwa mzazi wenu, na ndiyo maana nakusihi uukatae mpango huo wa Milano. Limone haina stesheni ya treni. Hadi barabara ya upande wa magharibi wa Ziwa Garda ilipochongwa katika miamba mwanzoni mwa miaka ya 1930, watu waliingia mjini kwa mashua au kwa njia za miguu za milimani, na hata leo barabara hiyo ni nyembamba, hupita ndani ya mahandaki mengi ya miamba, na hujaa magari msimu wa watalii. Mkienda na kurudi siku moja, Mzee ataumaliza muda wake akiwa amekaa garini.

Laleni Limone kwenyewe, angalau siku mbili. Kutoka Verona pandeni treni hadi Rovereto, kisha basi hadi Riva del Garda iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, na kutoka hapo mwingie kwa boti. Nasisitiza boti kwa sababu mji huo unaeleweka vizuri zaidi ukiutazama kutoka majini: nyuma yake genge la mawe limesimama wima, na kwenye matuta yaliyobaki kuna safu za nguzo ndefu za mawe zinazotazama ziwa. Hayo ndiyo mashamba ya zamani ya malimau. Baridi ilipokaribia, wakulima waliziba nafasi kati ya nguzo kwa mbao na vioo, na usiku wa baridi kali waliwasha moto ndani ili miti isife. Luigi, baba yake Comboni, alikuwa mtunza bustani katika mashamba ya namna hiyo. Shamba moja, Limonaia del Castel, limekarabatiwa na liko wazi kwa wageni. Mpeleke Mzee akaone kazi iliyomlisha mtakatifu wake utotoni.

Nyumba ya kuzaliwa iko Tesöl, juu kidogo ya mji, chini ya uangalizi wa wamisionari wa Comboni. Ni mwendo wa kupanda, kwa hiyo kwa ajili ya magoti yake agizeni teksi kupitia hoteli. Mkifika huko msiharakishe. Luigi na mkewe Domenica walijaliwa watoto wanane, na Daniele peke yake ndiye aliyefikia utu uzima. Hata hivyo walimruhusu aende Afrika, na mama yake akafariki mwaka 1858 huku mwanawe akiwa Sudan. Kwa katekista wa Gulu, ambako wamisionari hao wamehudumu kwa zaidi ya karne moja, kusimama katika nyumba ya wazazi hao kuna uzito ambao mtalii wa kawaida hawezi kuujua.

Mshughulikia Viza, Entebbe

Naongeza la makaratasi tu. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla yake. Lakini msingoje siku hizo za mwisho. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Ikiwa Mzee hana akaunti ya benki, ambatanisheni barua ya udhamini, taarifa ya benki ya mtoto anayegharamia na uthibitisho wa undugu.

Mwana wa Katekista, Gulu

Nawashukuru sana. Wakala nitamwambia abadilishe. Je, tukienda Oktoba, ili siku ya mtakatifu itukute hukohuko, hali ya hewa itamfaa Mzee?

Mama Parokia, Arua

Mwanangu, Oktoba inafaa. Sikukuu yake ni tarehe 10, siku aliyofariki Khartoum mwaka 1881, na wakati huo joto na msongamano wa kiangazi huwa vimepungua. Msisogeze safari hadi Novemba, kwa maana hoteli nyingi hufungwa na safari za boti hupunguzwa. Mchukulie Mzee sweta hata kama jua linawaka: mchana upepo uitwao Ora huvuma ziwani kutoka kusini, na kwenye boti unapenya. Viatu vyake viwe na soli inayoshika, kwa sababu mawe ya vichochoro vya mji huteleza yakilowa. Barabara ya kando ya ziwa, ambapo boti hutia nanga, ni tambarare na atatembea bila taabu.

Kuhusu Misa, waombeni wamisionari wa Comboni walio karibu nanyi wawaandikie wenzao wa Limone mapema, wawajulishe kwamba katekista kutoka Gulu anakuja. Na kwa kuwa mtapita Verona, tengeni siku moja ya kukaa huko, kwani ndiko Comboni aliposomea na ndiko alikoanzisha shirika lake mwaka 1867.