Ushauri wa haraka: kifaa cha GPS cha kufuata motokari iliyoibiwa kinaaminika kweli?

Mwana_Katuba:
Habari zenu wakubwa na wadogo. Niko Lubumbashi. Naomba ushauri juu ya vile vifaa vya GPS vinavyofungwa ndani ya motokari ili ikiibiwa mwenyewe ajue iko wapi. Vinaaminika? Vinaonyesha mahali penyewe au vinabahatisha tu? Motokari ikivuka mpaka, tuseme pale Kasumbalesa kuingia Zambia, kifaa kinaendelea kusema au kinanyamaza? Na ukikikata waya, betri yake ya ndani inakaa muda gani? Nimepata Hilux, na hapa mjini usiku si wa kuchezea. Mnijibu mapema, tafadhali.

Kigamboni_Boy:
Mkuu, funga leo leo usisikilize mtu. Binamu yangu hapa Dar alifunga kwenye Noah yake ya biashara. Dereva akawa anapiga simu kila jioni: bosi, foleni ya Mbagala leo imenitoa roho. Binamu akifungua simu anaona Noah imetulia Bagamoyo, inasomba watu wa harusi. Mwizi wa gari hajakamatwa hata mmoja, lakini dereva alikamatwa wiki ileile. Halafu shemeji naye akaomba aoneshwe hiyo programu, akagundua binamu mwenyewe Jumamosi huwa hayuko gereji. Ndoa ilitikisika. Kwa hiyo kinaaminika, ila jiandae.

Fundi_wa_Ruashi:
Mimi nafunga hivi vitu, nikueleze kwa ufupi. Ndani kuna vipande viwili vya kazi. Kimoja kinasikiliza satelaiti. Kikipata nne au zaidi kinajua kilipo, na kosa lake mahali pa wazi ni mita chache tu. Hakilipii chochote kusikiliza. Cha pili ni kama simu ndogo, kina SIM, nacho ndicho kinachokutumia habari. Hapo ndipo shida inapoanza: SIM isipokuwa na pesa, au motokari ikiingia mahali hakuna mtandao, wewe unabaki unatazama alama ya jana. Vilivyo vizuri vinahifadhi safari na kuituma mtandao ukirudi. Kuvuka mpaka, inategemea kama hiyo SIM imefunguliwa kutumika nje.

Kuaminika ni kitu kimoja, kumzuia mwizi ni kitu kingine. Kile kinachochomekwa chini ya volani, yaani usukani, kwenye soketi ya uchunguzi, mwizi anakichomoa kwa mkono mmoja. Kilichofichwa vizuri na kuunganishwa na rele, yaani swichi ya umeme, ya pampu ya mafuta, unaweza kuizima motokari ukiwa kitandani. Lakini usizime ikiwa inakimbia, utaua watu. Na kuna wezi wenye mashine ya kufunika mawimbi, hao hakuna kifaa cha bei rahisi kinachowaweza.

Bei: mimi kwa kifaa na kazi naanzia dola 80. Kwa pikapu kama Hilux si pesa nyingi.

Mzee_wa_Likasi:
Vijana, mnapenda mashine. Mlinzi ni Mungu. Mimi nilinyang'anywa yangu mbele ya lango langu mwenyewe, nikipiga honi mlinzi afungue. Walikuwa wamejibanza kwenye miti ya jirani. GPS ingenisaidia nini na bunduki iko shavuni? Ushauri wangu: saa moja jioni uwe ndani, na usipige honi langoni, piga simu kabla hujafika. Na huyo mlinzi umjue hadi kijiji chake. Wangu alikuwa mpwa wa mmoja wao.

Mama_Pondu:
Weye mwana, iko kitu unaficha. Mutu mwenye anataka kununua kamashine anauliza bei na duka. Weye hauulizi bei hata kidogo, unauliza kama ikikatwa waya inakufa siku gani. Ile ni swali ya mutu mwenye anaogopa kamashine, hapana ya mutu mwenye anakatafuta.

Mwana_Katuba:
Mama, sifichi kitu. Nauliza ili nijue ubora. Ukinunua tochi huulizi betri?

Fundi_wa_Ruashi:
Mama Pondu ameona mbali. Mimi nimefunga miaka mingi, mteja hajawahi kuniuliza la waya kukatwa. Betri ya ndani ni ndogo, ya saa kadhaa hadi siku chache, inategemea kinatuma mara ngapi. Na vingi vikikatwa waya, kitu cha kwanza vinachofanya ni kumpigia mwenyewe kelele kwenye simu kwamba vimekatwa. Haya, sema. Kimekatwa?

Mwana_Katuba:
Sawa. Kimekatwa.

Si mimi niliyekifunga. Nilinunua hii Hilux, nikaipeleka kwa mwana mmoja wa umeme hapa Katuba aniwekee redio. Alipofungua dashibodi akakuta kaboksi keusi, nusu ya pakiti ya sigara, kamefungwa kwa utepe nyuma kabisa. Waya mwekundu, mweusi, na mwingine wa njano. Kana taa ndogo inayowaka na kuzima. Akaniuliza, kaka, hiki ni chako? Nikamwambia kata. Sasa ningefanya nini, nikiache kinaendelea kusema niko wapi na watoto wangu? Mtu yeyote angekata. Nimekiweka ndani ya sufuria ya aluminiamu, nikafunika. Nilisikia kwamba ndani ya chuma mawimbi hayatoki.

Kigamboni_Boy:
😂😂😂 Mkuu kakipika! Weka na chumvi.

Fundi_wa_Ruashi:
Kwenye sufuria kifuniko kisipobana, mawimbi yanapenya pembeni. Weka simu yako humo, funika, halafu jipigie. Ikiita, ujue na kifaa kinaita.

Fanya hivi, ni muhimu kuliko sufuria. Kifungue, toa SIM. Juu yake kuna namba ndefu inayoanza na 89. Tarakimu zinazofuata ni za nchi iliyoitoa: 243 ni kwetu, 260 Zambia, 27 Afrika Kusini. Tuambie.

Sake_hadi_Goma:
Kuhusu kuaminika nami niongeze, maana hapa Goma tuliona. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, usiku ule tulikimbia kila mtu na njia yake. Mimi nilijikuta Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa miguu, motokari ya kazi dereva ameondoka nayo kwenda Sake. Meneja alikuwa mahali pengine ana GPS yake kwenye simu, ananipigia kwa ukali: kwa nini uko Sake, nani amekuruhusu? Nikamwambia bosi, tazama mlima. Kifaa kilisema kweli tupu, na meneja hakuelewa chochote.

Mwana_Katuba:
Fundi, kwenye picha niliyopiga inasomeka 8927 halafu namba nyingine nyingi.

Avoka_wa_Mtaa:
Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Hiyo ni Afrika Kusini. Peke yake haithibitishi kitu: kampuni nyingi zinazosimamia magari ya migodi huku kwetu zinanunua huduma huko, na SIM zinakuja nazo. Migodi inataka ijue kila pikapu inakimbia kasi gani. Magari hayo yakizeeka yanauzwa, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kutoa kifaa. Inawezekana ni hilo tu.

Lakini jibu haya. Namba ya chasi inaanza na herufi gani? Volani iko upande gani? Uliuziwa na nani, na bei gani?

Mwana_Katuba:
Chasi inaanza AHT. Volani kushoto, ila iligeuzwa, matundu ya zamani upande wa kulia yanaonekana. Lakini hapa mjini magari mangapi yamegeuzwa volani? Hiyo si dhambi. Bei ilikuwa nzuri. Muuzaji ni mtu ninayemjua.

Mama_Pondu:
Mutu ninayemujua. Jina yake ni nani kwako?

Mwana_Katuba:
Ni shemeki. Kaka ya mke wangu. Na bado namdai, samahani, yeye ndiye ananidai nusu ya pesa. Sasa mnaelewa kwa nini siwezi kwenda kupiga kelele polisi. Jumapili tunakula sahani moja.

Avoka_wa_Mtaa:
AHT ni Toyota ya Afrika Kusini, zile zinazounganishwa Durban. Zilizotengenezwa kwa soko la huko zina volani kulia. Kwa hiyo gari lilizaliwa huko, na huenda liliishi huko kabla ya kupita Zambia kuja kwetu. Kuna waliolipia ushuru wakaleta halali, kuna wasiolipia kitu. Magari mapya ya Afrika Kusini tangu 2012 yanatakiwa kupuliziwa vidoti vidogo sana vyenye namba, huvioni kwa macho mpaka taa ya zambarau. Mtu akifuta chasi, vidoti vinabaki. Na orodha ya Interpol ya magari yaliyoibiwa inasomwa hata na polisi wa nchi yetu. Usijidanganye kwamba kukata waya kumefuta historia.

Mchambuzi_Baridi:
Nimesoma kimya, sasa niseme. Uzi huu umetungwa.

Tazameni. Mwanachama mpya, hana hata picha. Anauliza swali la kitoto, na dakika chache baadaye anatokea "fundi" mwenye somo zima na bei ya dola 80. Halafu hadithi inanoga kidogo kidogo: kaboksi, sufuria, shemeki. Na hili hamkuliona: ameambiwa afungue kifaa asome SIM, yeye anajibu "kwenye picha niliyopiga". Kifaa kiko jikoni kwako, picha ya nini? Fungua sufuria usome. Hana kifaa, ana picha ya kuokota mtandaoni. Hili ni tangazo la biashara.

Fundi_wa_Ruashi:
Wewe usiniharibie jina. Mtu wa tangazo angewaambia kwamba mashine ya mwizi inafunika mawimbi? Angewaambia kifaa chake kinachomolewa kwa mkono mmoja?

Kigamboni_Boy:
Hata mimi nilishangaa. Mimi simulizi ya binamu yangu ni ya kweli lakini, muulizeni shemeji.

Mzee_wa_Likasi:
Iwe kweli iwe uongo, kijana atubu. Na asipige honi langoni.

Mama_Pondu:
Mchambuzi ameuliza bien. Mwana, kamashine kako wapi?

Mwana_Katuba:
Mnaniita mwongo mbele ya watu wakati nimekuja kuomba msaada.

Sawa. Hakiko tena nyumbani. Mke wangu alihitaji sufuria. Na yule mwana wa umeme alinipa wazo zuri: kwa nini kikae kwangu kivute watu mpaka mlangoni? Akasema tukifunge kwenye lori linaloelekea Kolwezi. Wanaokitafuta watatafuta huko, kilomita 300, na betri ikiisha mambo yanakwisha. Sikuiba kitu cha mtu, nimekirudisha barabarani tu. Asubuhi dogo wake alikisukuma chini ya turubai la lori moja lililokuwa limesimama likisubiri mzigo.

Avoka_wa_Mtaa:
Ndugu yangu. Kama kuna mtu anafuata hilo gari, sasa atamsimamisha dereva asiyejua lolote, pengine na askari, pengine na watu wasio askari. Na kumbuka kaboksi hilo lilituma alama kutoka kwako kila siku tangu ununue. Kwako wanapajua tayari. Lori halijaficha chochote, limeongeza mtu wa pili kwenye shida.

Chukua karatasi zote: karte roze, yaani kadi ya gari, hati ya mauzo, risiti ya duane, yaani ya forodha. Tafuta avoka, yaani wakili, kabla hujalipa nusu iliyobaki, usimpe shemeki hata franka. Mwache yeye akuoneshe alikonunua. Kama ni gari la mgodi lililouzwa kwa mnada, karatasi ya mnada itakuwepo, na wote mtacheka Jumapili. Kupokea kitu cha wizi nalo ni kosa, na ukijua halafu ukaficha ni vibaya zaidi. Sufuria na lori vinaonekana vibaya mno mbele ya jaji.

Mwana_Katuba:
Karte roze iko. Iko kwa shemeki. Anasema atanipa nikimaliza deni, ndiyo makubaliano, na mimi naona ni haki yake. Mke wangu naye anasema nikimuuliza kaka yake habari ya mnada nimemwita mwizi. Ninyi mnaongea rahisi kwa sababu si familia yenu.

Mchambuzi_Baridi:
Haya, nimeanza kuamini. Mtungaji angeweka karte roze mfukoni.

Dereva_Njia_ya_Kolwezi:
Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika. Nimepakia Lubumbashi asubuhi hii, sasa niko Likasi nasubiri fundi wa tairi. Lori gani hilo ndugu? Rangi gani, na lilikuwa limesimama wapi?

Mwana_Katuba:
La bluu. Karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi.

Dereva_Njia_ya_Kolwezi:
Turubai la rangi gani?