Kwadi inazima baada ya dakika 20 porini, fundi anataka kufungua injini

Mrina_Tabora:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina kwadi ya kabureta, ile pikipiki ya matairi manne, nakagulia mizinga ya nyuki porini upande wa Sikonge. Wiki mbili sasa inanitesa, asubuhi inawaka stata moja tu, naenda nayo fresh dakika 20 hivi halafu inakosa nguvu, inakohoa kama imeishiwa mafuta, inazima. Nikikaa kivulini robo saa inawaka tena kama haikuwa na kitu. Jana imenizimikia mara 4 nina madumu ya asali nyuma na jua ndo linazama. Fundi mjini kasema ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha, tufungue injini, laki tatu na nusu. Hiyo ndo hela yangu ya mizinga mipya jamani, nifanyeje?

Fundi wa Ng'ambo:
Usifungue kwanza mkuu. Ringi zikiisha utaona moshi wa bluu na oili inapungua, unaongeza oili? Ikizima chomoa plagi ya cheche uitazame, ikiwa nyeusi kavu kama masizi basi angalia ea klina, kile kichujio cha hewa, kiangazi hiki vumbi letu unalijua. Ile sponji ya ndani yake ioshe na mafuta ya taa kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, usiisokote itachanika, ikamue kwa viganja uanike kivulini, ikikauka ipake oili kidogo ndo inakamata vumbi. Wengi wanairudisha kavu, hapo ndo wanapoua injini.

Wa Kasulu:
Kuwaka tena baada ya kupumzika kunanifanya nihisi tenki halipumui. Petroli ikishuka lazima hewa iingie juu, ikikosa njia mafuta yanagoma kufika kwenye kabureta. Ikizima tena usingoje, fungua mfuniko wa tenki, ukisikia fyuuu hewa inavutwa ndani na ukapiga stata ikawaka palepale basi umeupata ugonjwa. Angalia kale kampira kembamba kanakotoka kwenye mfuniko kwenda usukanini.

Fundi wa Ng'ambo:
Kweli kabisa, hilo la tenki lianze. Na upepo wa tairi je? Wajaza upepo wamezoea boda wanakupigia 30, kwadi nyingi zinataka psi 4 hadi 5 tu, soma kibandiko chake. Ukizidisha inaruka ruka kwenye mizizi, unaweza kupinduka.

Mrina_Tabora:
Wakuu Mungu awabariki sana. Oili haipungui. Leo imezima palepale pa siku zote, nimefungua mfuniko, fyuuu, stata moja ikawaka! Kampira nimekachomoa, nyigu kajenga udongo ndani mpaka mwisho, nimeusukuma kwa waya wa spoku. Nimezunguka masaa mawili haijazima hata mara moja. Sponji nayo nimeifua, maji yametoka mekundu kama ya kufyatulia tofali. Tairi zilikuwa 28, nimeshusha.